Sindano za Kurudisha Ujana wa Ngozi: Swali la Wakazi wa Eldoret

Eldoret iko kwenye mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, nusu digrii tu kaskazini ya ikweta. Baridi yake ya asubuhi huwasahaulisha wengi kwamba kuna jua. Mtu anatoka mtaa wa Kapsoya amevaa sweta, anapanda matatu hadi katikati ya mji, na kufikia saa tano jua limeshamkalia usoni bila yeye kuhisi joto la maana. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, siku ambayo mbingu ni safi kotekote, mwenye duka wa Barabara ya Uganda mjini Eldoret hupata mionzi mikali kuliko mwenzake wa Mombasa anayelalamikia joto kutwa nzima.

Mhadhara huu unahusu sindano, lakini hauna budi kuanzia kwenye jua, kwa sababu sehemu kubwa ya kile ambacho sindano zinaahidi kukifuta usoni kimeandikwa na jua. Ahadi zenyewe ni nyingi. Matangazo ya kuondoa mikunjo, kujaza mashavu na kung'arisha ngozi kwa sindano humfikia mkazi wa Eldoret kila siku kupitia simu yake, na jiji hili, lililopewa hadhi hiyo rasmi mwezi Agosti 2024, lina watu wenye uwezo wa kulipia na hamu ya kujaribu. Swali lao ni moja: je, zinafanya kazi kweli? Baadhi zinafanya kazi. Kila moja kati ya hizo ina kazi yake moja yenye mipaka. Nyingine ni hasara, na chache ni hatari tupu. Yeyote anayezijibia zote kwa neno moja, liwe ndiyo au hapana, anampotosha mteja.

Ngozi ya uso ina tabaka la juu lililo jembamba, na chini yake tabaka nene lenye nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo ndizo zinazoikaza ngozi. Pamoja nazo kuna elastini, inayoifanya ngozi irudi mahali pake ikivutwa, na asidi ya hayaluroniki, inayoshika maji. Chini zaidi kuna mafuta, misuli na mfupa. Umri hugusa ngazi zote hizo: kolajeni hupungua, mafuta ya mashavu hupungua na kushuka, hata mfupa wa taya na wa tundu la jicho husinyaa kidogo kidogo. Hakuna dawa moja inayofika kote huko.

Iliyo maarufu kuliko zote haiigusi kolajeni, inagusa misuli. Botox ni jina la kibiashara la sumu inayotengenezwa na bakteria Clostridium botulinum, sumu kali kuliko nyingi zinazojulikana na sayansi. Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles nchini Ubelgiji, wanamuziki waliopiga muziki kwenye mazishi walilishwa nyama ya nguruwe iliyoharibika. Wengi wao walianza kupooza, na watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem aliichunguza nyama ile na kumpata bakteria huyo. Miaka 80 hivi ilipita kabla ya daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, kuanza kuwadunga binadamu kiasi kidogo mno cha sumu hiyo ili kulegeza misuli inayosababisha makengeza. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 1989. Huko Vancouver, Kanada, daktari wa macho Jean Carruthers alikuwa akiitumia kwa watu ambao kope zao hujifumba zenyewe, akagundua kwamba mikunjo iliyokuwa kati ya nyusi zao inapotea. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakachapisha matokeo yao mwaka 1992, na idhini ya matumizi ya urembo ikatolewa Marekani mwaka 2002.

Namna inavyofanya kazi inaeleweka vizuri. Sumu huzuia neva isitoe kemikali inayouamuru msuli ujikunje. Msuli ukilegea, ngozi iliyo juu yake hainyanzuki tena. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku chache, hukamilika baada ya wiki mbili hivi, na huisha baada ya miezi mitatu hadi minne, kisha mtu hulipa upya. Ushahidi wake ni thabiti: mikunjo ya paji la uso, ya kati ya nyusi na ya pembeni mwa macho hulainika. Mipaka yake nayo ni thabiti. Madoa ya jua hayaondoki kwa Botox. Mashavu yaliyozama hayainuki, na ngozi iliyochakaa haiwi mpya. Aliyelipia hayo amelipa bure, hata kama aliyemdunga ni bingwa.

Ubora wa chupa ni jambo lingine. Dawa hii hutunzwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8, na haiwezi kutoka kiwandani hadi Eldoret ndani ya begi la nguo. Mwaka 2024 maafisa wa afya wa Marekani waliripoti watu 22 katika majimbo 11 waliougua baada ya kudungwa Botox, nyingi ikiwa bandia au iliyoshughulikiwa vibaya, na wengi wao walikuwa wamedungwa na watu wasio na leseni au nje ya mazingira ya hospitali. Watu 11 walilazwa. Wapo walioshindwa kumeza na waliopata shida ya kupumua, dalili zilezile za wanamuziki wa Ellezelles. Hata nchi yenye ukaguzi mkali kama hiyo ilipitwa na bidhaa bandia. Mteja wa Eldoret ana kila sababu ya kuomba aione chupa kabla haijafunguliwa, asome jina, nambari ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kundi la pili ni la vijazio, vile ambavyo wateja huviita fila. Vingi vimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, ambayo wanasayansi Karl Meyer na John Palmer waliitambua mwaka 1934 walipokuwa wakichunguza jicho la ng'ombe jijini New York. Jeli yake hudungwa chini ya ngozi, ikajaza bonde la shavu, mfereji unaotoka puani hadi mdomoni, au midomo yenyewe. Matokeo huonekana siku hiyohiyo na hudumu miezi sita hadi mwaka mmoja na nusu, kutegemea aina ya jeli na mahali ilipowekwa.

Je, jeli inaifufua ngozi au inainyanyua tu? Hapa kuna utafiti wa kuvutia. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha jaribio lililowahusisha wazee 11 ambao ngozi ya mikono yao ilikuwa imeharibiwa na jua. Kila mmoja alidungwa jeli sehemu moja na maji ya chumvi sehemu nyingine, kisha vipande vidogo vya ngozi vikachukuliwa na kupimwa. Palipodungwa jeli, seli zilikuwa zimenyooka na zinatengeneza kolajeni mpya. Palipodungwa maji, hazikufanya hivyo. Kwa hiyo dai la kuchochea ngozi lina msingi. Lakini watu 11 ni wachache, na mkono si uso. Sindano nyepesi za asidi hiyohiyo zinazotapanywa uso mzima, pamoja na zile mpya zinazotokana na DNA ya samaki wa jamii ya salmoni, zina ushahidi mwembamba zaidi: majaribio madogo yanayoonyesha ngozi kushika maji vizuri na kulainika kwa miezi kadhaa. Anayeziuza kama tiba ya kurudisha miaka kumi nyuma anasema zaidi ya anachojua.

Hatari kubwa ya vijazio ni mishipa ya damu. Mishipa ya pua na ya kati ya nyusi imeunganika na ile inayolisha jicho. Jeli ikiingia ndani ya mshipa inaweza kuziba damu, ngozi ikafa, au mtu akapofuka ndani ya dakika chache. Ni nadra, lakini imetokea katika nchi nyingi, hata mikononi mwa madaktari. Kinachookoa ngozi ni kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi, ambacho huyeyusha jeli hiyo. Chumba kisichokuwa nacho kwenye kabati hakipaswi kufungua sindano ya jeli.

Wapo wanaoyaona haya yote kuwa anasa ya wenye pesa. Historia ya hapahapa Eldoret inawajibu, na inastahili kusimuliwa kwa utulivu.

Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mpango wa AMPATH ili kuwatibu watu wenye virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya. Watu walikuwa wakifa wodini. Dawa zilizopatikana kwa bei ambayo nchi za Afrika zingeweza kuimudu mara nyingi zilikuwa mchanganyiko wa stavudini, lamivudini na nevirapini, na mchanganyiko huo ukawarudisha watu kutoka ukingoni mwa kaburi. Aliyeletwa hospitalini amebebwa alirudi shambani kuvuna mahindi. Lakini stavudini ilikuwa na kasoro moja ya kikatili: iliharibu seli za mafuta. Baada ya miezi au miaka ya kuitumia, mashavu yalizama, mapanja yakabonyea, mishipa ya mikono na miguu ikachomoza.

Mtu huyo alikuwa mzima. Kinga yake ilikuwa imepanda na nguvu zimerudi. Uso wake, hata hivyo, ulimtangaza. Katika miaka ambayo unyanyapaa ulikuwa mkali, wapo waliokuwa wamemweleza mwenzi wao peke yake, wengine hawajamweleza mtu, lakini mashavu yao yakawasemea sokoni, kanisani na kwenye foleni ya matatu. Katika nchi nyingi ambako dawa hiyo ilitumika, watafiti waliandika juu ya wagonjwa waliojificha, waliosononeka, na waliotaka kuacha dawa iliyokuwa ikiwaweka hai. Kuliita tatizo hili la urembo ni kukosa utu.

Ulaya na Marekani walikuwa na jibu la sindano. Asidi ya polilaktiki, kemikali ya jamii ya nyuzi za kushonea zinazoyeyuka mwilini, ikidungwa shavuni huchochea mwili kutengeneza kolajeni yake wenyewe. Jijini Paris wagonjwa 50 wa virusi vya Ukimwi walidungwa kwa awamu na kufuatiliwa kwa wiki 96. Ngozi ya mashavu yao ilinenepa, na unene huo ukadumu. Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa ajili yao mwaka 2004, miaka mitano kabla ya kuiruhusu kwa urembo wa kawaida, na mwaka 2010 bima ya serikali ya wazee na walemavu nchini humo ikakubali kuilipia kwa wagonjwa waliosononeshwa na sura zao. Basi sindano inaweza kumrudishia mtu uso wake. Hilo limethibitishwa.

Lakini kilichookoa nyuso nyingi zaidi za Kenya ni uamuzi uliofanyika kwenye chupa ya vidonge. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane na stavudini kwa sababu ya madhara yake. Kenya, kama jirani zake, ikahamia dawa nyingine katika miaka iliyofuata. Wanaoanza matibabu leo hawapotezi mashavu yao kwa dawa. Kwa waliokwisha kuyapoteza, mafuta yalirudi polepole, na kwa wengi hayakurudi yote. Kuondoa kinachoharibu kulifanya kazi kubwa kuliko kukarabati kilichoharibika, na kwa gharama ndogo.

Kundi la tatu ni sindano ya damu ya mtu mwenyewe, inayopendwa kwa sababu inasikika kuwa ya asili. Damu hutolewa mkononi, huzungushwa kwenye mashine hadi chembe sahani zikusanyike kwenye plazima, kisha plazima hiyo hurudishwa usoni. Ushahidi wake kwa nywele zinazonyonyoka una nguvu kiasi. Kwa mikunjo ya uso majaribio ni madogo, kila kliniki ina mapishi yake, na matokeo hayalingani. Linalotisha ni damu yenyewe. Mwezi Aprili 2024 wataalamu wa Marekani walitoa taarifa ya wanawake walioambukizwa virusi vya Ukimwi baada ya kufanyiwa huduma hiyo katika saluni moja isiyo na leseni huko Albuquerque, jimbo la New Mexico, iliyofungwa mwaka 2018. Wakaguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina kaunta na ndani ya friji ya jikoni pamoja na chakula. Nchi yetu imepoteza watu wengi mno kwa virusi hivyo kuruhusu damu ishughulikiwe namna hiyo popote.

Kundi la mwisho ni dripu za kemikali iitwayo glutathioni, zinazouzwa kwa jina la kung'arisha ngozi. Zisiwekwe kabisa kwenye fungu la tiba za kurudisha ujana. Weusi wa ngozi si dalili ya uzee. Melanini ni kinga inayochelewesha mikunjo, na ndiyo sababu nyuso nyingi za Kiafrika huanza kukunjamana miaka mingi baada ya zile za Wazungu. Kuipunguza melanini chini ya jua la mita 2,100 ni kuuvua uso nguo yake ya kazi. Mamlaka ya dawa ya Ufilipino, nchi ambako dripu hizi zilienea mapema, imetoa tahadhari kuhusu madhara yake kwa ini, figo na neva, na kuhusu mzio unaobabua ngozi mwili mzima. Hata weupe unaopatikana huelekea kurudi nyuma dripu zikikoma.

Kenya inayo kumbukumbu yake chungu kuhusu jambo hili. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha utafiti wa wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini. Zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Wengi kati ya walioacha krimu walipata nafuu. Hiyo ilikuwa krimu ya kupaka tu. Kinachoingizwa moja kwa moja kwenye mshipa hakipitii hata kizuizi cha ngozi.

Kuna tahadhari nyingine ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu huipitia juu juu. Ngozi nyeusi hujibu jeraha kwa rangi na kwa kovu. Kila tundu la sindano linaweza kuacha doa jeusi linalokaa miezi, na mwenye historia ya makovu yanayovimba, yeye au ndugu zake, anaweza kupata uvimbe mbaya kuliko mkunjo aliokuja kuuondoa. Daktari asiyeuliza habari za makovu kabla ya kudunga hajajiandaa.

Sheria ipo. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, husajili madaktari na vituo vya afya. Bodi ya Famasia na Sumu husajili dawa. Mwezi Oktoba 2024, baada ya mwanamke mmoja kufariki kufuatia upasuaji wa kupunguza mafuta katika kliniki ya urembo jijini Nairobi, baraza hilo liliifungia kliniki husika. Hatua ilikuja baada ya kifo. Mteja hana anasa ya kungoja hivyo. Aulize jina kamili la atakayemdunga na kulitafuta kwenye orodha ya baraza, aulize jina la dawa na kama imesajiliwa Kenya, aulize kutafanyika nini jeli ikiziba mshipa. Anayejibu maswali hayo kwa hasira amekwisha kujibu.

Turudi kwenye jua. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya Mmarekani wa miaka 69 aliyeendesha lori la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa na mikunjo na mifereji ya mtu mzee mno. Upande wa kulia ulikuwa wa kawaida. Ni uso mmoja, umri mmoja, na kioo cha dirisha hakikuzuia mionzi iliyofanya kazi hiyo. Madereva wa masafa marefu wanaopita Eldoret kuelekea Malaba hukaa kulia, na shavu lao la kulia ndilo linalolipa. Wakulima wa mahindi wa Uasin Gishu, wauza mboga na waendesha bodaboda hulipa kwa uso mzima. Wakimbiaji wa Kaptagat na Iten angalau huingia barabarani alfajiri, kabla jua halijachacha.

Kinga nayo imepimwa. Huko Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Waliopaka losheni ya kukinga jua kila siku walionyesha uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka walivyopenda, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013. Washiriki walikuwa Wazungu, na mwenye ngozi nyeusi ameshapewa sehemu ya kinga hiyo na maumbile, lakini madoa na mabaka yanayowasumbua wanawake wengi wa hapa ni kazi ya jua hilohilo. Kwa anayetaka kurekebisha, krimu ya tretinoini, ambayo wataalamu wa Michigan waliipima dhidi ya krimu tupu mwaka 1988, hupunguza mikunjo midogo na madoa. Inahitaji kuandikiwa na daktari, huwasha mwanzoni, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Ni nafuu kuliko sindano, na ushahidi wake ni wa miongo mingi.

Moshi, Tanzania, wameonyesha kinachowezekana. Katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, wataalamu hutengeneza losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun na kuigawa kwa watu wenye ualbino, ambao kwao jua ni suala la saratani, si la mikunjo. Kenya nayo hugawa losheni kwa watu wenye ualbino kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Eldoret ina hospitali ya rufaa, ina shule ya tiba, na ina jua kali kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki. Hospitali hiyo na Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu zijifunze kutoka Moshi, zitengeneze losheni hapa, ziwape bure wenye ualbino na kuwauzia wengine kwa bei ya mfanyakazi wa kibarua. Naye mkazi anayefikiria sindano avae kofia pana kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, apake losheni kila siku kwa mwaka mmoja, amwone daktari wa ngozi, ndipo aamue kama bado anaihitaji.